Mita mbili zilizopotea kwenye mraba wa tisa

Saa moja na robo asubuhi, jua bado halijapata ukali, na mwanamke mmoja mwenye kofia iliyokatika ukingo amepiga magoti juu ya kipande cha gunia. Ameinama hadi pua yake inakaribia kugusa ardhi. Mbele yake kuna fremu ya chuma, mita moja kwa mita moja, imelazwa chini. Ndani ya fremu hiyo anahesabu kila kinachoota.

"Mmoja huyu. Huyu ni mtoto wake, simhesabu. Wa pili. Wa tatu. Wewe nawe umetokea wapi?"

Anaongea na nyasi. Hajui kama anaongea kwa sauti, na ukimwambia atakataa katakata.

Watu wa hapa wanamwita Mama Mraba. Ana umri wa miaka hamsini na sita, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa hiyo hiyo: kuhesabu mimea ndani ya miraba thelathini iliyotawanyika kwenye uwanda mkavu wa majani, mara mbili kwa mwaka, mvua zinapoanza na zinapoisha. Kati ya hesabu moja na nyingine, kila asubuhi husoma kipimo cha mvua kilicho nyuma ya kituo cha utafiti na kuandika milimita zake kwenye fomu.

Mtu akipita kwa gari barabarani ataona majani tu, tena ya rangi ya mkeka uliochakaa. Mama Mraba anaona aina sitini na nne, na anazijua moja moja hata zikiwa na majani mawili tu ya utoto.

Leo anahesabu akiwa na roho mkononi. Hatua tano nyuma yake amesimama daktari, mwanamke kijana ambaye ni mkuu wake wa kazi, akiwa na tepu ya kupimia shingoni na jembe mkononi. Ni daktari wa mimea, si wa watu, jambo ambalo majirani wamelikataa kabisa. Kila akija, kuna mtu atamletea kikohozi.

Wawili hawa hawatanii leo. Ikifika saa sita mchana, daktari atakuwa ameamua jambo moja: kama kazi ya miaka kumi na tisa ya mwanamke huyu itabaki kwenye kumbukumbu za utafiti, au itafutwa yote na kituo kifungwe.

"Tisa," anasema Mama Mraba hatimaye, na kujiinua kwa kushika goti la kulia. "Aina tisa."

Daktari anaandika.

Kisha Mama Mraba anafanya jambo ambalo amelifanya kila hesabu tangu mwaka wa kwanza. Ananyoosha kidole cha shahada na kukisukuma ardhini, katikati ya fremu. Kidole hakiingii. Udongo ni mweupe, umekauka juu kama ukoko wa sufuria, na kinachozama ni ukucha tu.

"Ukucha," anasema. Hilo nalo linaandikwa.

Kidole hicho ndicho kilichomtia matatizoni, na yeye mwenyewe anasema ndicho pekee kinachoweza kumtoa.

Alipoajiriwa hakuwa na elimu ya mimea. Alikuwa mpishi wa kituo. Siku moja mtafiti wa wakati huo alikuwa akibishana na mwenzake mezani kuhusu majani mawili yaliyokaushwa kwenye gazeti, kama ni aina moja au mbili. Yeye, akiwa ameshika birika, akawaambia hayo ni mawili, moja lina manyoya shingoni na jingine halina. Waliangalia kwa lenzi. Wiki iliyofuata akapewa fremu, na jiko akapewa mtu mwingine.

"Na chai ikaharibika tangu siku ile," anasema mume wake, fundi wa baiskeli, ambaye karakana yake iko mbele ya nyumba yao ya vyumba viwili. "Hilo hawajalifanyia utafiti."

Walimfundisha miezi mitatu. Walimfundisha majina ya kitaalamu, ambayo anayaandika vizuri na kuyatamka apendavyo. Walimpima hatua pia: akatembea mara ishirini kando ya tepu, wakapata kwamba hatua yake ni sentimita sabini na tano, haipungui wala haizidi. Wakamsifu sana. Kutoka kwenye jiwe la mpaka hadi kwenye kona ya mraba wa tisa ni mita thelathini. Kwake ni hatua arobaini.

Kwa kuwa majina ya kitaalamu ni marefu, aliipa mimea majina ya nyumbani. Kuna jani analoliita Shangazi, kwa sababu likiingia mahali halitoki na huja na ndugu zake wote. Kuna ua dogo la zambarau linalojifunga saa sita mchana. Hilo ni Mwenye Haya. Na kuna mmea mfupi wenye majani ya mviringo na kiua cha njano, ambao hauonekani mpaka mvua inyeshe vizuri, tena kwa kufuatana. Huo ni Shemeji.

"Kwa sababu haji mpaka ajue kuna chakula," anaeleza, na mume wake anacheka huku akijaza upepo tairi.

Jambo la kidole hakuna aliyemfundisha. Aliligundua mwaka wa kwanza. Aliona kwamba miraba miwili inaweza kupakana na kupata mvua ileile, siku ileile, lakini mmoja ukawa na aina ishirini na sita na mwingine saba. Akashika udongo. Kwenye ule wenye aina nyingi, udongo mwekundu wa kichanga, kidole kiliingia pingili mbili. Kwenye ule wenye aina chache kiligota.

"Mvua si ile inayoanguka," anasema. "Mvua ni ile inayoingia. Udongo mwekundu unakunywa polepole, hata milimita kumi zinatosha kuamsha mbegu ndogondogo. Mweupe huu, mvua ikinyesha milimita hamsini kwa kishindo, yote inakimbilia bondeni. Anayebaki ni Shangazi."

Vilevile kuna udongo mweusi, mahali palipowahi kuwa zizi zamani, wenye rutuba mno. Pale kidole kinazama chote, na mtu angetarajia mimea ya kila namna. Kumbe aina moja ndefu hukua hadi kiunoni na kuwanyima wengine jua. Udongo wenye kadiri, usio tajiri sana wala maskini sana, ndio wenye wakazi wengi.

Fomu ya kituo haikuwa na sehemu ya kidole. Kwa hiyo alinunua daftari lake la shule, na kila mwaka akajaza moja: tarehe, namba ya mraba, idadi ya aina, na mbele yake neno moja au mawili. Pingili mbili. Pingili na nusu. Ukucha. Pembeni aliandika pia mimea adimu na mahali ilipoota. Madaftari yamefika kumi na tisa, na ameyafunga kwa kitambaa cha pazia kuukuu, chini ya kitanda. Mume wake aliwahi kutaka kuyatumia kuwashia jiko. "Nilisikia maneno siku hiyo," anasema, na hataki kuyarudia.

Miaka mitatu na nusu iliyopita, akiwa amebeba fremu begani, Mama Mraba aliingia mguu kwenye shimo lililochimbwa na muhanga na kufunikwa na majani. Mfupa wa mguu wa kulia ulivunjika chini kidogo ya goti. Alikaa na plasta miezi minne. Ilikuwa miezi migumu. Mshahara wake, ambao siku za kawaida huishia tarehe kumi na nane ya mwezi, ulikatwa nusu, na karakana ya baiskeli ndiyo iliyolisha nyumba.

Alirudi kazini wiki moja kabla ya mvua. Alikuta wezi wa vyuma chakavu wamepita upande wa barabarani na kuondoka na nondo za kona za miraba kumi na mmoja. Hapakuwa na alama yoyote. Upepo ulikuwa umeshafagia mchanga juu ya kila kitu.

Aliomba tepu mpya, kwa kuwa ya zamani ilikatika. Akaambiwa asubiri bajeti. Mvua haikusubiri. Siku ya tatu ilinyesha milimita ishirini na mbili, na mbegu zikaanza kuchomoza.

"Ningefanya nini?" anauliza, na ni swali la kweli, anamtazama mwandishi wa makala haya akingoja jibu. "Ukikosa hesabu ya kwanza, mwaka mzima umekwenda. Nikasema, mimi nina hatua zangu. Nimezipita njia hizi miaka kumi na sita. Nikaenda kwenye jiwe la mpaka, nikahesabu arobaini, nikapanga mawe. Nikaona nimefanya kazi ya kishujaa."

Mwaka huo mraba wa tisa ulitoa aina tisa. Katika miaka kumi na sita iliyotangulia haukuwahi kushuka chini ya kumi na saba, hata mwaka mbaya kuliko yote, mvua ilipofika milimita mia moja na tisini tu. Mwaka uliofuata ukatoa nane. Wa tatu, kumi na moja. Kwenye kila fomu, mbele ya jina la Shemeji, aliandika: hayupo.

Miraba mingine mitatu ya upande ule ilishuka hivyohivyo.

Daktari, ambaye huja mara mbili kwa mwaka na kukaa siku mbili tatu na kompyuta yake, aliziona namba hizo akafikiri sana. Alitazama mvua. Jumla haikuwa mbaya, lakini ilikuwa ya vishindo, dhoruba chache kubwa badala ya manyunyu ya kufuatana. Akaandika ripoti kwamba mvua za namna hiyo zinafukuza mimea kwenye uwanda huu. Ilikuwa ripoti nzuri. Alisimama mbele ya wataalamu wenzake mia mbili akaisoma, wakampigia makofi, na wafadhili wakaahidi kukiongezea kituo miaka mitano.

Mama Mraba alipigiwa simu apongezwe. Alifurahi, lakini jambo moja lilimkera. Mwaka wa pili yeye mwenyewe alisoma kwenye kipimo jumla ya milimita mia nne na kumi na mbili. Na kidole kilisema ukucha.

"Nilijidanganya," anasema. "Mwaka wa kwanza nilisema ni ukame, udongo umekauka. Mwaka wa pili nikasema jua limewaka tangu juzi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu."

Miezi minne iliyopita, siku ya hesabu ya mwisho, mvua ilikuwa imenyesha milimita thelathini usiku wa kuamkia. Aliweka fremu mraba wa tisa, akahesabu, akasukuma kidole. Ukucha ukavunjika.

Alibaki amepiga magoti akiutazama. Udongo uliolowa milimita thelathini haufai kuvunja ukucha. Akainuka, akaangalia huku na huko, akatembea kwa kuchechemea kidogo kwenda mbele, upande wa mbali na jiwe la mpaka. Hatua ya kwanza, mweupe. Ya pili, mweupe wenye mchanga. Ya tatu akainama, akasukuma kidole, kikazama pingili mbili bila shida.

"Nikakaa chini," anasema. "Nikatazama nilikotoka, nikahesabu kwa macho."

Alielewa papo hapo. Mguu wake ulipona, lakini ulipona mfupi kidogo. Hatua zake hazikuwa tena zile zilizopimwa. Alihesabu arobaini kama kawaida, lakini arobaini hizo zilimfikisha mita ishirini na nane. Kwa miaka mitatu alikuwa akihesabu mahali pengine, na kati ya hapa na pale, mita mbili tu, udongo unabadilika.

Hakumwambia mtu siku kumi na moja. Sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyotoka. Mume wake alidhani ni malaria akamnunulia dawa, naye akameza dawa hizo ili asiulizwe. Mwishowe alimwambia karakanani, mbele ya baiskeli iliyopinduliwa magurudumu juu.

Mume wake alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo wengi wetu tungeuliza: "Mama watoto, nani atakwenda kule kupiga magoti ahakikishe?"

"Mimi," alimjibu. "Kila mwaka. Mara mbili."

Mzee wa watu akainamia mnyororo wake akaendelea kuupaka grisi. Kesho yake alimpakia mkewe kwenye baiskeli, akampeleka kituoni kilomita sita, kwa sababu daktari alikuwa amefika.

Daktari anakumbuka asubuhi hiyo vizuri, na hajisifu nayo. "Nilimpandishia sauti," anasema. "Nilimwambia, unajua umenifanya nini? Ripoti imeshatoka. Nilisimama mbele za watu. Mtu mwenye umri wa mama yangu, nikamfokea hadi dereva wangu akatoka nje."

Mama Mraba hakujitetea. Aliweka fungu la madaftari mezani, akasema, "Nimekuletea haya, mwanangu. Fomu zako hazina mahali pa kidole." Kisha akaenda kukaa kwenye benchi la nje, na mume wake akawa anampepea kwa kofia.

Daktari alisoma madaftari siku mbili. Alikuwa akitafuta, anakiri, ushahidi wa uzembe. Alichokuta ni namba za pingili zinazokwenda sambamba mwaka hadi mwaka, mraba kwa mraba, kwa miaka kumi na sita, bila kuyumba. Kwenye miraba kumi na tisa ambayo nondo zake hazikuibwa, hali iliendelea hivyo hadi leo. Kwenye minne kati ya ile iliyopangwa upya, kidole kiligota ghafla, msimu uleule wa wizi.

Lakini madaftari ya mtu mmoja, yaliyoandikwa na mkono uleule uliokosea, hayawaridhishi wakaguzi wa wafadhili, ambao daktari alikuwa amewaandikia ukweli. Barua yao ilikuwa fupi. Ithibitishwe mahali hasa pa mraba wa zamani, au rekodi nzima ya kituo ichukuliwe kuwa haiaminiki. Rekodi ikifutwa hakuna kituo. Na kituo kisipokuwepo, mkataba wa Mama Mraba unaisha mwisho wa mwezi huu.

Ndiyo maana leo kuna jembe.

Matumaini yenyewe ni membamba. Mafundi waliojenga miraba hii zamani walimwambia Mama Mraba kwamba nondo za kona zilizamishwa nusu mita na kumwagiwa saruji. Kama wezi walizing'oa, hakuna kitu. Kama walishindwa kuzing'oa wakazikata kwa msumeno, kipande cha chini bado kipo, mahali pake palepale, kimefunikwa.

Daktari anafunga tepu kwenye jiwe la mpaka na kuivuta. Mita ishirini na nane inapita mahali pa mawe. Thelathini inaangukia kwenye mchanga mwekundu ulioota nyasi fupi, mahali ambapo hakuna alama ya kitu chochote.

"Hapa," anasema.

Mama Mraba anaweka gunia lake chini, anapiga magoti. Hataki jembe. "Jembe litakata mizizi," anasema, na anaanza kuchimba kwa kisu cha jikoni na kiganja, akiweka kando kila mche kama mtu anayesogeza vyombo.

Sentimita tano, hakuna. Kumi, hakuna. Anasogea kiganja kimoja kushoto. Jasho jembamba linamtoka puani. Daktari ameacha kuandika. Robo saa inapita, halafu nyingine, na mashimo yamekuwa matatu. Mwandishi anatazama pembeni, kwa sababu kuna nyuso ambazo si adabu kuzikodolea macho wakati huo.

"Labda waliing'oa, Mama," daktari anasema kwa upole.

"Labda."

Lakini haachi. Anapumzisha mkono, anaangalia mche mmoja mdogo sana ulio kando ya shimo la tatu. Una majani mawili ya mviringo, hayajafika ukubwa wa punje ya mahindi. Anainama hadi kofia inaanguka.

"Daktari. Lete lenzi."

Daktari anapiga magoti kando yake. Wanawake wawili, vichwa vimegusana, wanaangalia kitu ambacho mwandishi hata akielekezwa hakioni.

"Ni yeye?"

"Ni yeye," anasema Mama Mraba. "Shemeji kaja."

Hayo peke yake si ushahidi, na wote wawili wanajua. Mmea unaweza kuota popote penye udongo wake. Lakini Mama Mraba anakumbuka kitu. Shemeji huyu, anasema, alikuwa akiota kwenye kona ya mraba, ndani, kiganja kimoja kutoka kwenye nondo, kila mwaka wenye mvua nzuri. Yumo kwenye daftari la nne. Yumo kwenye la saba. Mbegu zake hazisafiri. Huanguka chini ya mama yao na kungoja hapohapo.

Anapima kiganja kimoja kutoka kwenye mche, upande wa nje. Anachoma kisu.

Kisu kinalia.

Anafukua kwa vidole. Kwanza inatokea saruji, kipande kama chungu kilichovunjika. Katikati yake kuna duara dogo la kutu, ukubwa wa shilingi, limekatwa bapa. Mistari ya meno ya msumeno bado inaonekana.

Daktari anavuta tepu tena, anasoma, anasoma mara ya pili, kisha anamgeuzia Mama Mraba asome mwenyewe. Mita thelathini na sentimita nne.

Mama Mraba anakaa juu ya visigino vyake na kulia bila kujificha, mikono ikiwa imejaa udongo mwekundu. Daktari anamwekea mkono begani. Anakaa naye chini mchangani, na suruali yake safi ya ofisini.

"Nitaandika leo," daktari anasema. "Rekodi inabaki. Hii miraba kumi na mmoja tutaieleza kama ilivyo, miaka mitatu mahali pengine. Na hiyo minne iliyoangukia mweupe tutaendelea kuihesabu pia. Mvua ileile, mita mbili, udongo tofauti. Hakuna mtu angeweza kupanga jaribio kama hili kwa makusudi."

"Na ripoti yako?"

"Nitasimama niseme nilikosea."

"Mimi ndiye niliyekosea."

"Wewe ulikosea hatua, Mama. Mimi nilitia saini miaka mitatu bila kushika udongo hata siku moja."

Mama Mraba anafuta macho kwa mkono na kujipaka matope usoni. Halafu, kwa kuwa kazi ni kazi, anaomba fremu. Wanailaza kwenye kona yake ya zamani, na anahesabu upya. Safari hii anachukua dakika hamsini. Aina ishirini na nne. Kidole, pingili mbili. Daktari naye anasukuma chake, anakitoa, anakitazama.

"Pingili mbili," anakubali.

Simu inaita mfukoni. Ni fundi wa baiskeli, ambaye tangu asubuhi ameshindwa kushika kazi. Anaelezwa kwa maneno matatu.

"Huyo Shemeji," anajibu, "mwambie leo aje ale kwetu."

Mama Mraba amebakiza miaka minne kustaafu. Ana mipango miwili, na ameshaanza kuisukuma. Wa kwanza ni kwamba fomu mpya za kituo zichapishwe na safu ya kidole. Daktari ameichora tayari kwa kalamu ya risasi. Wa pili anautekeleza kabla hatujaondoka.

"Nipime," anamwambia daktari.

Tepu inalazwa kwenye njia. Anatembea hatua kumi, kawaida yake, bila kujivuta wala kujinyima, na fremu begani. Daktari anasoma: mita saba kamili.

Mama Mraba anafungua daftari la ishirini, ukurasa wa kwanza kabisa, na kuandika kwa herufi kubwa: HATUA YANGU, SENTIMITA SABINI. Chini yake anaweka tarehe. Anataka kila atakayefanya kazi hii baada yake apimwe upya kila mwaka kabla ya mvua, hata kama tepu zipo, hata kama hajawahi kuanguka.

"Mimi nilidhani mguu umepona," anasema, "kwa sababu uliacha kuuma."

Analifunga daftari, anajitwika fremu. Mraba wa kumi bado haujahesabiwa, na jua linapanda. Anafunga ncha ya tepu kwenye jiwe, anaanza kuivuta akichechemea, na njia nzima midomo yake imetulia, hahesabu hatua.